Shangazi na Mchanga wa Tangi Kubwa

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuhudumia samaki wa maji chumvi, mlezi mkuu wa matangi katika jumba letu la samaki atakabidhi funguo na kustaafu rasmi. Kwenye orodha ya wafanyakazi ana jina lake kamili, lakini humu ndani, kuanzia mlinzi wa geti hadi meneja, kila mtu anamwita Shangazi. Kumbukumbu hii nimeombwa kuiandika mimi, fundi wa pampu, na ninaomba radhi mapema kwa sababu mkono wangu umezoea spana kuliko kalamu.

Shangazi aliajiriwa kama mfagiaji. Alikuwa akifuta vioo kwa nje na kuuliza maswali yasiyokwisha, hadi mlezi wa wakati ule akachoka kujibu, akampa ndoo na wavu aingie mwenyewe. Baadaye alisoma jioni, akafanya mtihani, akapata cheti. Mumewe, ambaye ni fundi cherehani, hupenda kulalamika kwa utani kwamba alioa mwanamke mmoja akaletewa samaki mia tatu.

Kazi iliyotufanya tumvulie kofia ni ile ya miaka tisa iliyopita. Tangi Kubwa, lenye urefu wa mita kumi na mbili, lilivamiwa na mwani. Tulikwangua vioo Jumatatu, Alhamisi kijani kimerudi. Wanafunzi walibandika pua kwenye kioo wasione hata mkia. Meneja akatoa miezi mitano: tangi lisipotakata, lifungwe na samaki wapelekwe kwingine. Ndani yake alikuwamo chewa mwenye zaidi ya miaka ishirini, tuliyemwita Babu, na daktari wa mifugo alishasema wazi kwamba Babu hataihimili safari. Kufunga tangi maana yake ilikuwa kumpoteza.

Wengine walilaumu taa, wengine chakula, na bila shaka wote walilaumu pampu zangu. Shangazi alichota mchanga wa chini kabisa, akaunusa, akatuita. Alitueleza kwamba mchanga ule ulikuwa umekunywa mabaki ya chakula na vinyesi kwa miaka kumi na minne, umeshiba, na sasa ndio unaoulisha mwani. Hivyo ulipaswa kubadilishwa wote. Ila humohumo mchangani, akasema, wanaishi vijidudu visivyoonekana ambavyo huondoa sumu kwenye maji, na ukiutoa wote kwa mpigo, samaki wanakufa. Nilipigwa na butwaa. Miaka yote hiyo nilidhani mchanga ni pambo tu.

Aligawa sakafu ya tangi mapande manane. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumatano, pande moja lilinyonywa kwa mpira na mchanga mpya ukashushwa polepole. Mchanga huo mpya aliuosha mpaka tukaudhika. Alijaza maji ya kuoshea kwenye jagi la kioo, akaweka ratiba ya zamu nyuma yake, na kama hakuweza kusoma herufi ndogo kabisa, mchanga unaoshwa tena. Wa zamani hakuutupa wote. Madebe kadhaa aliyahifadhi kwenye pipa la maji chumvi lenye mpira wa kupulizia hewa, nasi tukamcheka kwamba anafuga uchafu.

Mapande matano yalikwisha salama. Kisha Shangazi akaomba ruhusa ya siku moja aende harusini kwa binti wa dada yake. Asubuhi ile, fundi mmoja mwenye kiherehere, akihofia kwamba miezi inayoyoma, aliamua kumsaidia kwa kunyonya mapande matatu yaliyobaki kwa pamoja. Fundi huyo ni mimi. Kufikia saa nne maji yalikuwa yamechafuka, harufu ya mayai viza imejaa ukumbini, na Babu amelala ubavu akihema juujuu.

Nilimpigia simu. Alifika na gauni la sherehe, viatu mkononi, akapita moja kwa moja hadi kwenye pipa lake. Mumewe alifuata nyuma na cherehani kwenye gari, akaketi kwenye korido kushona vifuko vya nailoni. Tulivijaza ule mchanga wa zamani tuliouita uchafu, ambao vijidudu vyake vilikuwa bado hai, tukavipanga mbele ya pampu ili maji yapite ndani yake. Tukabadilisha nusu ya maji, tukaongeza hewa. Alisimama kwenye maji hadi kifuani, akimshikilia Babu wima kwa mikono miwili, saa baada ya saa, na harusi ikapita. Mwishoni mwa alasiri Babu alitikisa mkia, akajitoa mikononi mwake na kuogelea.

Meneja alitaka kujua nani aliyefanya hivyo. Nilipoanza kuelekea ofisini kwake, Shangazi alinishika bega akasema, "Wewe una miezi miwili tu tangu upate mtoto. Kaza pampu zako, mambo ya karatasi niachie mimi." Aliandika kwamba yeye ndiye aliyetoa agizo. Akapewa barua ya onyo, ya pekee katika utumishi wake wote, na mwaka ule cheo alichokuwa akikisubiri akapewa mtu mwingine. Vifuko vikaondolewa kimoja kila wiki, mwani haukurudi, na Babu yumo humo hadi leo akiwakodolea wageni macho. Mimi nikanyamaza miaka tisa.

Jumatatu iliyopita nilikwenda kwa meneja, nikaeleza yote. Barua ile imetolewa kwenye jalada la Shangazi na imewekwa kwenye langu. Yeye mwenyewe hajaambiwa. Anayasoma haya sasa hivi, pamoja nanyi.

Shangazi, ahsante. Wafanyakazi wote tunakuombea afya, furaha nyumbani kwako na mapumziko marefu. Unaondoka ukiwa huna doa, kama ulivyokuwa siku zote.