Mlezi wa Mbu

Jumapili ya tarehe 9 Juni 2024, saa nne asubuhi, kaka yetu alipokata roho, kando ya kitanda chake wodi namba tatu tulikuwepo mama yetu, wifi yangu na binti zake wawili, mimi mdogo wake nikiwa na mwanangu mgongoni, muuguzi wa zamu, na mama mfanya usafi wa maabara alikofanya kazi kaka, aliyemletea mto kutoka nyumbani kwake. Hakuwepo mwingine.

Mnivumilie ninavyosoma, nimeishia darasa la saba, na aliyekuwa akinisahihishia maandishi ndiye huyu tunayemzika.

Kaka alizaliwa tarehe 14 Machi 1981, nyumba ya nyuma ya mashine ya kusaga, akiwa wa pili kati ya watoto wanne. Alisoma msingi mwaka 1989 hadi 1995, akaendelea na sekondari, na mwaka 2006 akapata shahada ya biolojia, wa kwanza katika ukoo wetu.

Mwaka 2008 aliajiriwa na taasisi ya utafiti wa malaria, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na mikataba hiyo ilifika kumi na sita. Kazi yake ilikuwa kulea mbu wa maabara, wasio na ugonjwa, aliowalisha kwa mkono wake mwenyewe uliojaa vipele, na kuwafundisha wanafunzi kuwakamata kwa mrija bila kuwavunja miguu, wanafunzi ambao walikwenda masomoni, wakarudi madaktari wa falsafa, wakawa wakubwa zake.

Alifunga ndoa mwaka 2010, na wifi alizoea kumtania, "Wenzako wanawafukuza mbu, wewe unawaandikia ratiba ya chakula!"

Mara nne, mwaka 2012, 2015, 2017 na 2019, aliomba ufadhili wa shahada ya uzamili, na mara zote alijibiwa kwamba ombi halikukamilika, naye akadhani amekosea kujaza fomu, akawa ananipa nimsomee kila mstari kwa sauti. Mara ya nne katibu muhtasi, ambaye angeweza kunyamaza akalinda kazi yake, alimwambia kwamba barua ya mapendekezo ya mkuu wa maabara haikuwahi kutumwa hata mara moja. Kaka alikwenda kumuuliza mkuu huyo, akajibiwa, "Sasa ukienda wewe, mbu wangu nitamwachia nani?" Alitusimulia jioni hiyo akicheka, lakini chakula hakumaliza, na mwaka uliofuata umri wa kuomba ukawa umempita.

Januari mwaka huu aligundulika kuwa na saratani ya ini. Alipozidiwa alikuwa bado anauliza kama mbu wamelishwa.

Tunawashukuru madaktari, muuguzi aliyepasha mikono yake joto kabla ya kumgusa, majirani waliochukua zamu za kunilelea mwanangu, mama mfanya usafi, ambaye mto wake ameuacha kwetu, na katibu muhtasi aliyekaa pale nyuma, tunakuona dada.

Tunamshukuru pia mkuu wa maabara, ambaye leo saa mbili asubuhi amemtuma dereva na barua ya kurasa mbili, yenye muhuri na sahihi, inayosema marehemu alikuwa mtafiti hodari, mwaminifu, aliyestahili nafasi yoyote ya masomo popote duniani.

Pumzika, kaka. Barua yako imefika.