Aliyeshona Mto wa Njano

KIMYA: Haloo? Ni nani?

FUNDI: Ni fundi. Kwani nani mwingine anakupigia wewe?

KIMYA: Shikamoo, fundi.

FUNDI: Marahaba. Mbona unanong'ona? Kuna mtoto amelala?

KIMYA: Hapana. Niko peke yangu sebuleni. Nashona.

FUNDI: Lile pambo la—

KIMYA: La ukutani, eh. La mke wa bosi wake dada. Dada amemwahidi zawadi, anataka kumpelekea leo.

FUNDI: Zawadi ya dada. Na anayeshona ni nani?

KIMYA: [anacheka kidogo] Mimi napenda tu kushona, fundi. Nikikaa bure nawaza.

FUNDI: Sikia. Weka sindano chini, uje dukani kwangu sasa hivi. Nina mgeni hapa.

KIMYA: Mgeni gani?

FUNDI: Yule mama wa duka la mapambo, kule barabara kubwa. Ameona mto wako wa kochi kwa watu, akaambiwa ni kazi ya dada yako. Kauazima, kaja nao kwapani, anauliza huyo dada anapatikana wapi. Nikautazama. Vile viraka vya maua ya njano si ni masalio yangu, niliyokupa mimi mwenyewe kwenye mfuko? Nikamwambia, mama, mshonaji namjua, na si huyo.

KIMYA: Ungemwacha aamini hivyo hivyo.

FUNDI: Nimwache kwa nini? Anatafuta msichana wa kumshonea. Ana meza ndefu, ana chumba cha kulala. Anaamua leo, maana kuna msichana mwingine anaingoja hiyo kazi. [mtandao unakwaruza] Unanisikia?

KIMYA: Nakusikia. Siwezi kuja. Nimejishona.

FUNDI: Umejifanya nini?

KIMYA: Nililiweka pambo mapajani, sindano ikapita mpaka kwenye gauni. Nimekuja kustuka nimeshamaliza upande mzima.

FUNDI: [anacheka] Mama, njoo usikie, huyu kajishona na gauni lake. Basi fumua.

KIMYA: Nikifumua litachelewa.

FUNDI: Jitupie mtandio, uje nalo hivyo hivyo.

KIMYA: Dada hapendi nitoke.

FUNDI: Si yuko kazini?

KIMYA: Na jua ni kali.

FUNDI: Jua, Kimya? Wewe ni siagi? Haya, mwenyewe anaomba aongee nawe.

KIMYA: Usimpe simu, tafadhali, mimi na watu nisiowa—

FUNDI: Nimeweka sauti kubwa, anakusikia. Sema neno moja tu. Mto huu umeushona wewe?

KIMYA: Ni wa dada.

FUNDI: Kimya.

KIMYA: Dada ndiye aliyenilea, fundi. Ni kazi yake.

FUNDI: Haya. [minong'ono] Basi anauliza, huyo dada yako anafanyaje kona zisikunjamane? Wengine wanaomletea, kona zao zimenuna kama mtoto aliyenyimwa.

KIMYA: Ah, hizo. Tatizo wanaanzia pembeni. Ukianzia pembeni, sponji yote inakimbilia katikati, mto unaota kitambi. Unaanza katikati. Unapiga bandi, ile mishono ya muda, kubwa kubwa kwa uzi wowote, zishike kitambaa cha juu, sponji na cha chini, vyote visitembee. Halafu unashona ukitoka nje polepole, kama unafukuza hewa kwenye shuka. Ukifika kona unaipapasa kwa kidole gumba. Ikiwa nene, unapunguza sponji, kitambaa usikiguse. Mimi huwa—

FUNDI: Endelea. Wewe huwa?

KIMYA: Dada huwa.

FUNDI: [minong'ono] Mama kashavaa viatu. Anasema kama huwezi kuja, anakuja yeye.

KIMYA: Huku? Hapana, fundi.

FUNDI: Namleta mimi. Si ile nyumba yenye geti la bluu?

KIMYA: Msije. Nakuomba kwa heshima zote. Majirani watawaona mmesimama pale nje.

FUNDI: Tusimame nje kwa nini? Si utatufungulia?

[mtandao unakwaruza]

FUNDI: Utatufungulia, mwanangu?

KIMYA: Ni kwa ajili ya wezi. Mtaa umekuwa na wezi siku hizi.

FUNDI: Wezi.

KIMYA: Ufunguo anao dada. Hana nia mbaya.

FUNDI: Amefunga kwa nje?

KIMYA: Fundi, salio lako litaisha.

FUNDI: Achana na salio langu. Anakufungia humo tangu lini?

KIMYA: Tangu mke wa bosi aliposifia ule mto. Alianza kuuliza kama anaweza kuja kumwona dada akishona.

FUNDI: [pembeni] Mama, chukua mkoba twende. [kwa simu] Tunakuja. Atakayetuona atuone. Pitia mlango wa nyuma, utukute njiani.

KIMYA: Fundi.

FUNDI: Fanya haraka, simu yangu imeshaanza kulia hapa, salio linaisha. Huo wa nyuma nao umefungwa?

KIMYA: Hakuna mlango wa nyuma.

FUNDI: Basi kaa pale dirishani, huyu mama akuone uso kwa uso, umwambie mwenye—

[mlio, simu inakatika]

KIMYA: Fundi? Mkifika, msiguse kufuli. Mtanigombanisha na dada. Haloo?