Injili kwa Pumzi Fupi

Tarehe 14 Mei mwaka 2024, siku ya Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, katika wodi ya wanaume, baba yetu mpendwa, fundi makochi na mzee wa kanisa, alivuta pumzi yake ya mwisho, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mdogo wake, seremala, ambaye sisi watoto tunamwita baba mdogo.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Februari 1956, akasoma shule ya msingi hadi mwaka 1970, kisha akajifunza kazi ya makochi, na mwaka 1981 akafungua karakana nyuma ya soko, baba mdogo akiunda fremu za mbao, yeye akifunga springi, akipanga sponji na kuvuta kitambaa mpaka kisibaki na kunyanzi, na mteja akimwambia abandike tu kitambaa kipya juu ya kile cha zamani, alijibu, "Mwanangu, uvundo haufunikwi," akalivua kochi zima likabaki mifupa.

Alifunga ndoa takatifu na mama yetu tarehe 8 Septemba 1979, wakajaliwa mabinti wawili na mtoto mmoja wa kiume, na mwaka 1990 akachaguliwa kuwa mzee wa kanisa, akapewa na zamu ya kuhubiri, na hapa hatuna budi kusema ukweli mbele za Mungu, baba aliipenda mimbari na mimbari haikujua kumwachia, maana akishasema "nikimalizia", wenye watoto wachanga walijua bado nepi moja.

Mwaka 2011 baba mdogo alifiwa na mkewe, na baba ndiye aliyehubiri makaburini, akaanzia kwenye uumbaji, akapita kwa manabii wote, wakubwa kwa wadogo, hata jua likahama upande wa pili wa kaburi, huku baba mdogo amesimama akisubiri kusikia jambo moja tu, kama kwa mtu kama yeye lipo tumaini. Jioni ile alimwambia, "Kaka, nilikuomba maji ya kunywa, wewe umenieleza mto." Tangu siku hiyo hakukanyaga kanisani, wakaendelea kufanya kazi pamoja na kula sahani moja, lakini habari za Mungu zikawa mwiba katikati yao, na baba aliumia, kwa kuwa alimpenda mdogo wake kuliko sifa zote za mimbari.

Mwezi Oktoba 2023 baba alianza kuugua mapafu, akalazwa, akatoka, akalazwa tena, akawa wa kupumua kwa oksijeni. Ijumaa ya tarehe 10 Mei baba mdogo, akiona kaka yake anamponyoka hivi hivi, alishindwa kuvumilia, akasema, "Kaka, usiondoke na neno lile nililolisubiri makaburini. Niambie, ninyi mnaamini nini hasa?"

Baba alisogeza barakoa ya oksijeni, akasema huku akipumzika kila baada ya maneno machache, "Tulimwacha Mungu. Yeye hakutuacha. Yesu alikufa kwa dhambi zetu. Akafufuka. Mwamini, uishi. Ni zawadi."

Baba mdogo akangoja, hakuna kilichofuata, akasema, "Kumbe ndilo hilo? Na miaka yote hii ulikuwa unalivisha mablanketi ya nini?"

Baba alicheka hadi akakohoa, muuguzi akaja mbio, "Jamani wazee wangu, mtanifukuzisha kazi!" na alipoondoka, baba mdogo, machozi yakimtiririka, akasema, "Basi mwambie Yesu nakuja hivi nilivyo, bila kufunikwa." Baba akamjibu, "Mwambie mwenyewe, anakusikia." Akamwambia, na Jumapili tulimwona kanisani, benchi la mbele, na jeneza hili mnaloliona ameliunda yeye kwa mikono yake, akiimba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani mliotupikia na kukesha nasi, mafundi wenzake wa nyuma ya soko, wachungaji na waumini wote, Mungu awalipe pale tusipoweza sisi.

Ee Bwana Yesu, uliyekufa ukafufuka, mpokee mtumishi wako, si kwa wingi wa maneno yake bali kwa rehema zako, umpe raha ya milele, nasi utukutanishe naye asubuhi ile. Lala kwa amani, baba. Amina.