Chumba cha Mkataba Kinamuaga Mwalimu Okanee

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha katika Shule ya Kijito cha Mierebi, Mwalimu Philomene Okanee anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe ishirini na saba Juni, kengele ya mwisho ikilia. Ndivyo yanavyosema maandishi ya ofisi ya elimu, nami nayanukuu kama yalivyo.

Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa sababu mbili. Kwanza, karakana yangu ya useremala hapa shuleni inapakana na chumba chake, na ukuta ni mwembamba. Pili, mimi ni shemeji yake, na kwetu sisi Wakri, wenyeji wa asili wa Kanada, shemeji ni mtani. Aliyetaka sifa tupu angemwendea mtu mwingine.

Philomene alizaliwa ng'ambo ya kijito, kwenye kipande cha ardhi kilichobaki kuwa chetu. Alikwenda chuo cha ualimu mjini Saskatoon, akarudi na cheti na gari bovu la mizigo, akaajiriwa kufundisha hesabu. Somo la mikataba halikuwepo. Watoto wetu waliwajua kwa majina wake wote wa mfalme mmoja wa Uingereza aliyependa kuoa, lakini hawakujua babu zao waliahidiana nini na Malkia wa Uingereza katika mkataba wa ardhi.

Alipolalamika sana, mkurugenzi wa elimu wa wakati huo, Bwana Lorne Haugen, alikuja na mpiga picha. Alisimama mwishoni mwa korido akatamka mbele ya shule nzima, "Chumba hiki ni chako, Mwalimu, cha kufundishia mkataba, maadamu kijito kile kinatiririka." Lilikuwa neno lililoazimwa kwenye ahadi za mkataba, la kupendezesha hafla. Bahati mbaya yake, Philomene aliliamini. Aliwaita wazee, kiko cha kufunga ahadi kikavutwa, chai ikanywewa, supu ya nyama ya porini ikaliwa na mkate wa kukaanga, na mkurugenzi akapewa mkono na kila mtu mpaka mkono ukachoka. Kisha akarudi mjini, na nadhani alilala vizuri.

Ufundishaji wa Philomene hauhitaji vitabu vingi. Kila Septemba huligawa darasa la saba pande mbili, Watu wa Malkia na Watu wa Hapa. Kinachojadiliwa ni kochi jekundu lililo karibu na kipasha joto, na anayejua baridi ya kwetu anaelewa kwamba hilo si jambo dogo. Wanakaa, wanaahidiana kwa mdomo, mkalimani akiwa katikati. Halafu mtoto mmoja wa Malkia huja karakanani kwangu kuandika anachokumbuka. Kumbukumbu za mtoto huyo hazijawahi kuwapendelea Watu wa Hapa, mwaka hata mmoja. Kufikia Desemba Watu wa Hapa huwa wamekaa sakafuni, na wenzao wanawaeleza kwa upole kwamba sakafu nayo ni aina ya kochi. Januari hubadilishana pande, na kilio huhamia upande wa pili.

Wazazi walikuja juu. Bi. Darlene Prokop aliingia na viatu vyake vya theluji mpaka katikati ya chumba. "Mwanangu anakaa chini mwezi mzima! Waliahidiwa kochi, wakapeana mikono!" Philomene alimvutia kiti. "Ndiyo, mama. Endelea. Waliahidiwa nini hasa, na nani alisikia?" Bi. Prokop aliendelea, akapunguza sauti, mwishowe akanyamaza akaomba chai. Siku hizi yumo kwenye kamati ya shule, na kumnyamazisha kuhusu mkataba ni kazi.

Tena kuna sanduku la dawa. Mkataba wetu, ule wa Sita, ulitaja sanduku la dawa la kuwekwa nyumbani kwa wakala wa serikali kwa faida ya watu wetu. Wazee wetu walisikia matibabu. Serikali kwa muda mrefu ilisikia sanduku. Basi Philomene huweka kisanduku chenye plasta moja kwenye meza ya mkuu wa shule, na watoto hubishana kama meno yanayouma yamo ndani yake. Mkuu mmoja aliamua kwamba sanduku ni sanduku, basi. Mchana uleule akajikata kidole, na darasa la saba likamfahamisha kwa heshima zote kwamba plasta ile si yake, ila anaweza kuleta maombi kupitia kwa mkalimani.

Chumba chenyewe nacho kilikuwa somo. Kwanza iliombwa kona tu, ya mashine ya fotokopi. Philomene alikubali. "Juu juu tu, kwa kina cha jembe la kulimia," alisema, maana wazee wetu husema ardhi tulikubali kuitumia pamoja kwa kina hicho, na vya chini hatukuvigusia. Mkuu wa wakati huo alicheka, akadhani ni baraka ya Kikri. Baada ya fotokopi yalikuja magodoro ya mieleka. Ukaja mti wa Krismasi ambao haukurudi ulikotoka. Halafu akaja makamu mkuu mwenyewe, na ukuta wa mbao katikati ya chumba. Niliyetumwa kupiga misumari ni mimi, na aliyenishikia ngazi ni Philomene. "Usizidishe misumari, shemeji," alisema. "Siku ya kuubomoa utanilaumu." Kila mwaka wanafunzi walichora ramani za chumba wakazibandika kwa mfuatano ukutani, na mgeni aliyezitazama alielewa historia ya nchi hii bila kuelezwa.

Kuna aliyewahi kumtania kwamba ahadi ya Haugen huisha kila Novemba, kijito kikiganda. Philomene alichukua shoka na darasa zima, wakatoboa barafu, wakalala kifudifudi wakayasikiliza maji.

Mkuu wetu wa sasa, Bwana Curtis Haldane, alikuja miaka miwili iliyopita na moyo mwema na mabango mengi. Majira ya kuchipua alitangaza kwamba Philomene akiondoka, chumba kitakuwa Sebule ya Maridhiano, yenye viti laini, kwa ajili ya mikutano. Somo la mkataba lingetolewa kwa filamu, alasiri moja, kila Juni. Kochi litupwe. Watu walipiga makofi, kwa sababu jina lilikuwa zuri.

Siku ile Philomene alikuja karakanani akakaa juu ya mbao bila kupangusa vumbi. Mwanamke aliyecheka miaka yote hiyo hakucheka. "Nilidhani nafundisha yaliyopita, shemeji," alisema. "Kumbe wamesubiri tu niondoke." Iliniuma, na bado inaniuma nikiikumbuka.

Ijumaa iliyopita ikafanyika chai ya kumuaga, katika ukumbi wa michezo. Bwana Haldane alitaka kufuata mila. Alikuwa amesikia kwamba mtu wa heshima hupewa tumbaku, basi akaileta, imefungwa katika kitambaa chekundu, kazi safi, akamwekea mikononi mbele ya shule na wazee wote, akarudi nyuma akitabasamu. Hakuna aliyemwambia kwamba kwetu tumbaku si zawadi ya kwaheri. Tumbaku hutangulia ombi. Anayepewa husikiliza kwanza, na akiipokea wote wawili wamefungwa, mwombaji na mwombwa.

Philomene aliacha viganja wazi. "Nakusikiliza, Bwana Haldane. Unaomba nini?"

Mkuu alinitazama mimi, nami nikatazama taa za darini.

"Usiombe kidogo, mwanangu," mzee Zacharie alimwambia kutoka mstari wa mbele. "Tumbaku yenyewe nyingi hiyo." Wazee wakacheka mpaka wakakohoa.

Bwana Haldane aliiva uso. Angeweza kuomba mvua, au maisha marefu, akaketi. Namheshimu kwa sababu hakufanya hivyo. Alifikiri, kisha akasema polepole, "Naomba somo lisiondoke na wewe. Urudi utufundishe kulifundisha, mle chumbani, kwa namna yako."

"Na kochi?"

"Na kochi."

"Na ule ukuta?"

Alimwangalia makamu wake, ambaye aliangalia keki. "Utoke."

"Maadamu nini?" aliuliza msichana mmoja wa darasa la saba, bila hata kunyoosha mkono.

"Maadamu kijito kinatiririka," alisema mkuu, safari hii bila tabasamu.

Philomene akafumba viganja juu ya tumbaku.

Kwa hiyo tunayo mapatano mawili. Ya maandishi yanasema Mwalimu Okanee anaondoka Ijumaa hii. Ya mdomo, yaliyosikiwa na shule nzima, yanasema vingine. Ofisi ya elimu imeshauri sherehe iendelee, kwa kuwa keki ya pili imeshaokwa. Mimi ni seremala, sina mamlaka ya kuamua yapi yana nguvu. Waulizeni darasa la saba.

Asante, shemeji, kwa watoto wetu na kwa watoto wa wale waliotuzunguka. Tunakutakia mapumziko mema, ya Julai na Agosti. Septemba shule ikifunguliwa nitakuwa mlangoni kwako na nyundo. Ngazi utashika wewe.