Bwana Acha Kabati Anakabidhi Funguo

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, dereva wa gari letu la matangazo atakabidhi funguo na kipaza sauti. Kwa muda wote huo, kila mara ofisi yetu ya hali ya hewa ilipotoa tahadhari ya mvua kubwa, upepo mkali au joto la hatari, yeye ndiye aliyeifikisha milangoni mwa watu.

Mitaani wanamwita Acha Kabati, na anaitika. Wafanyakazi wapya hudhani ni utani tu. Kamati ya sherehe nayo ilikusudia kulipita jina hilo juu juu. Alipopata habari alikuja mezani kwangu, akakataa kiti, akabaki amesimama na kofia mkononi.

"Ndugu mwandishi," akasema, "usiniandike shujaa. Weka na la siku ile. Ukiliruka, watu wa Mtaa wa Chini watajua tumewaruka tena."

Kwa hiyo naliandika, kwa idhini yake. Lakini kwanza mepesi.

Alikuja kwetu akitokea kwenye lori la kokoto, na aliyemwajiri alivutiwa na sauti yake kuliko leseni. Miaka ya mwanzo alisoma tahadhari kama mtu anayenadi mitumba: mbio mbio, kwa madaha, neno la mwisho akilivuta. Siku moja ya joto kali alizunguka mji mzima akiwahimiza watu wanywe maji, akasahau kunywa yeye mwenyewe. Alizimia mbele ya soko, na wauza matunda wakammwagia ndoo nzima. Aliporudi ofisini amelowa chapachapa, mkuu wetu wa wakati huo alikimbilia dirishani akidhani mvua imenyesha bila sisi kujua.

Tulimcheka, naye akacheka nasi. Siku ile nyingine haikuwa ya kuchekwa, ingawa mji uliicheka.

Ilikuwa asubuhi, katika msimu wa mvua. Wenzetu wa kituo cha kupimia maji, kule juu ya mto, walipiga simu kwamba mto umejaa na maji yanashuka kwa kasi. Tahadhari ikaandikwa, akapewa. Maagizo yalikuwa wazi: aanzie Mtaa wa Chini, ambako nyumba zimeegemea ukingo wa mto, kisha ndipo apande. Kwenye njia panda ya kiwanda cha mbao alipaswa kukata kushoto. Akakata kulia.

Kulia ndiko alikokuwa akiishi mama mkwe wake, mjane, peke yake. Alijiambia atamchukua mara moja na kuteremka naye. Akarudisha gari nyuma mpaka barazani, akaning'iniza kipaza sauti dirishani mwa gari, akaingia ndani. Hakukizima.

Mtaa mzima ukasikia yaliyofuata. Mama alikubali kuondoka, lakini si bila kabati la vyombo alilotengenezewa na marehemu mumewe. Mkwe mtu hambishii mama mkwe wake. Alilibeba, likakwama mlangoni, naye amebanwa nyuma yake. Spika za juu ya gari zikarusha kila neno.

"Mama, nakuomba, acha kabati."

"Baba yenu alilichonga kwa mikono yake. Linatoka, nami natoka."

"Mama, nimeanzia kwako. Watu wa chini bado sijawaambia."

Hapo majirani waliokuwa wakicheka barazani kwao waliinuka. Mmoja wao, fundi baiskeli, alikuwa na dada yake Mtaa wa Chini. Aliitupa spana, akarukia baiskeli ya mteja na kushuka nayo akipiga kelele nyumba kwa nyumba. Kama hakuna aliyekufa siku ile, sifa ni zake, na taarifa hii ni mara ya kwanza ofisi yetu inamshukuru kwa maandishi. Tuliona haya kufanya hivyo mapema, kwa sababu tungelazimika kusema kwa nini.

Gari letu lilifika Mtaa wa Chini wakati maji yamefika magotini. Watu waliokuwa juu ya mapaa waliliona likija na maandishi yake ubavuni, TAHADHARI, na nyuma limebeba kabati. Hakuna aliyetukana. Yeye anasema heri wangemtukana. Ni mama mkwe aliyesema kwanza: "Lishushe, mwanangu. Lishushe, watu wapande." Walilisukuma majini, akabeba watoto na wazee safari baada ya safari, mpaka injini ikanywa maji na gari likazimika.

Mama mmoja, fundi cherehani, hakuwahi safari hizo. Alikuwa akihamisha nguo za wateja wake alipoteleza kwenye ngazi, mguu ukavunjika. Cherehani ikaenda na maji. Hadi leo anachechemea.

Kwa mama mkwe, maji hayakufika hata barazani.

Mtu wa kutoa maonyo akapewa onyo, tena la maandishi. Wenzake tulirudia mzaha huo kwa muda mrefu, mimi nikiwemo, na sijivunii. Alitarajia kufukuzwa, nadhani angeona nafuu. Nyumbani mkewe alimwambia, "Umeniokolea mama, na umeniaibisha." Watoto wakalifanya jina wimbo, wakakimbia nyuma ya gari wakiliimba. Hakuwahi kupandisha kioo. Alikuwa akienda sokoni kwa kupitia vichochoro vya nyuma, na mtu akimsalimu kwa furaha alishtuka kama amefumaniwa.

Mguu wa fundi cherehani ulipofunguliwa plasta, dereva wetu alikwenda kumwona. Alibaki mlangoni, kofia mkononi. Akasema tu kwamba alijua njia, na alikata kulia makusudi.

Yule mama fundi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sikuchukii. Hata mimi nina mama. Ila ukipita tena na hilo gari, nitakuwa nasikiliza unaanzia wapi."

Tangu hapo alianzia mlangoni kwa mama huyo, kila mara, hata kwa tahadhari ya upepo isiyohusu mto. Madaha ya mnada yalikwisha. Alisoma polepole, akiongeza maneno yake mwenyewe: mama mwenye mtoto mgongoni atoke sasa, mwenye mgonjwa apunge kitambaa, vyombo vitanunuliwa vingine. Mtaa wake mwenyewe aliufanya wa mwisho. Wakati paa la nyumba yake lilipong'olewa na kimbunga, alikuwa bado upande wa pili wa mji. Safari hiyo mkewe hakulalamika.

Tulipompelekea fundi cherehani mwaliko wa sherehe, tulimwomba aseme machache. Alikataa kusema. "Nitakuja," alituambia. "Nitakaa tu, anione nimekaa." Ameomba kiti cha mbele.

Ndugu yetu, asante kwa sauti yako, na kwa kutolikimbia jina ulilopewa mitaani. Mvua ijayo itatangazwa na mwingine. Wewe isikilize ukiwa kitandani. Ofisi nzima inakutakia afya, usingizi mzuri, na uzee wenye amani.