Jina la Nyumbani la Mtoto wa Frednand

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu ya Bukiriro. Baba Paroko, uliyembatiza mtoto wetu asubuhi ya leo. Ndugu Mwenyekiti wa Kitongoji. Mkwe wangu Mzee Rwekaza na wazazi wote mliotoka Runazi, mkabadilisha gari Nyakanazi na bado mkafika hapa mkitabasamu. Ndugu wageni waalikwa. Na ninyi watoto mliokaa mkekani, mnaoyatazama masufuria kuliko mnavyonitazama mimi: nawasalimu nyote. Mlioniamkia, marahaba. Wanaonizidi umri, kama bado wapo, shikamooni.

Nitasema nikiwa nimekiegemea kiti hiki, mniwie radhi. Nimechoka, na si kwa kazi ya leo.

Nimepewa jambo moja la kufanya. Mjukuu wangu Frednand na mkewe Avelina wamempeleka kanisani mtoto wao wa kwanza, naye ametoka huko akiitwa Modestus. Jina la nyumbani bado. Kwa desturi yetu sisi tuliotoka ng'ambo ya mto Ruvubu, jina hilo hutangazwa na upande wa baba; na kwa kuwa baba yake Frednand, mwanangu Habonimana, tulimzika mwaka jana wakati watu wanang'oa maharage, kazi imerudi kwangu. Frednand anataka mtoto aitwe Sindayigaya, kama mimi. Avelina hataki. Kila mmoja amenijia kwa wakati wake, na wote wawili sasa hivi wananikodolea macho. Basi niwaeleze kwanza jina lenyewe ni kitu gani, kisha niseme nilivyoamua.

Baba yangu aliitwa Bizimana. Kabla yangu alizika watoto watatu. Nilipozaliwa mimi, kilima kizima kilikuwa kinasubiri kusikia atasema nini. Atamtaja mchawi? Atamrudisha mama yangu kwao? Atasema ni shamba la nani limeleta mkosi? Baba alitoka akasimama mlangoni, akawaambia jina: Sindayigaya. Kwa Kiswahili tungesema, mimi simlaumu. Na asiyelaumiwa ni Mungu, ingawa hakutajwa. Halikuwa pambo la mtoto. Lilikuwa jibu kwa majirani, na kila aliyelisikia alijua kwamba mjadala umefungwa.

Nimesoma vitabu vya watu waliojaribu kuyaeleza majina yetu, na wengi wao wanaandika kwamba ni sala. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Nusu nyingine ni maneno yaliyosemwa kwa sauti ili upande wa pili wa uzio wasikie. Mtu mwenye jirani mwizi alimwita mtoto wake Habonimana, yaani aonaye ni Mungu, na jirani akaelewa. Mtu aliyedharauliwa barazani alimwita wake Hategekimana, Mungu ndiye atawalaye, na mkubwa wa baraza akaelewa. Ugomvi ulisemwa mara moja, ukavalishwa mtoto, kazi ikaendelea.

Mwaka ule wa sabini na mbili, tulipovuka kuyakimbia mauaji ya Burundi, mimi nikiwa kijana anayeanza kuota ndevu, watoto waliozaliwa upande huu kwenye vibanda vya nyasi waliitwa Habonimana karibu kila mlango. Halikuwa tena neno la kumsuta mwizi wa ndizi. Kulikuwa na mambo yaliyotokea kule ambayo hakuna mwingine aliyebaki kuyaona. Miaka ikapita, mihogo ikakubali, jina lile likapungua. Mimi nilimpa mwanangu wakati wengine walikwisha kuliacha, kwa sababu nilikuwa bado sijamaliza kusema.

Kisha likaja jambo la shule. Mwalimu aliuliza jina la mtoto, jina la baba, jina la babu. Naye hakukosea, ndivyo nchi hii inavyoandika watu wake, na nchi hii ilitupokea. Lakini sisi hatukuwahi kuwa na jina la ukoo. Baba na mwana hawakuitwa sawa, ndugu wa tumbo moja hawakuitwa sawa. Kila mtoto alikuja na neno lake. Ghafla maneno yetu yakageuka mikia. Mbele yakakaa Renatus, Scholastika, Privatus, kutoka kalenda ya kanisa. La kwetu likasukumwa mwisho. Siku tulipompelekea mahari ya Avelina, mkwe wangu Rwekaza alinitania mbele ya watu.

"Mkwe, jina lako refu hivyo, binti yangu ataliweka wapi?"

Nikamwambia, "Ataliweka mwisho, mkwe. Ndiko mlikoyaweka yote."

Akacheka hadi akamwaga rubisi, pombe yetu ya ndizi. Yuko pale, muulizeni.

Siku hizi nikienda Nyakanazi kupanda basi, mkata tiketi ananiuliza, "Mzee, jina?" Namwambia. Ananitazama, anasema, "Hilo ni la kwako peke yako, au la kijiji kizima?" Anaandika Sinda, nafasi imeisha. Sina kinyongo naye, jua ni kali na abiria ni wengi. Na nikipita kwenye shule yetu hapa nikaita "Ineza," wanageuka wasichana kutoka kila upande, hata wa Wahangaza, hata wa Wasubi, ambao kwao neno hilo halikuwahi kuwa jina. Ni zuri, ni fupi, maana yake ni wema; nani atakataa kumwita binti yake wema? Lakini sijamsikia mtoto hata mmoja wa miaka hii akiitwa Sindayigaya. Kwa kadiri ninavyojua, kuanzia hapa hadi Biharamulo nimebaki mwenyewe.

Frednand analijua hilo, na ndilo linalomuuma. Ninyi mnaomfahamu pale Nyakanazi, anapoziba pancha za malori, mnajua si mtu wa maneno mengi. Juzi alinijia akiwa na grisi mikononi.

"Babu, ukiondoka, jina linaondoka."

"Ndiyo," nikamwambia.

"Hivyo tu? Ndiyo?"

"Ulitaka niseme nini, baba?"

"Useme hapana. Baba ameshaondoka na la kwake."

Nikampa kitambaa afute mikono.

Jana Avelina akaniletea uji, akapiga goti, akaniamkia, akabaki pale pale.

"Babu, jina lako sina ugomvi nalo. Lakini nikimwita mtoto aje kula, nitakuwa nasema simlaumu, simlaumu, kutwa nzima. Watu watauliza, huyu amefanyiwa nini na Mungu?"

"Na wewe hujafanyiwa kitu?"

"Mimi nimepewa mtoto, Babu."

Uji ule ulipoa mikononi mwangu kabla sijaunywa.

Ndugu zangu, niseme sasa lile ambalo wengine mmeliona nanyi mkanisitiri. Mwaka jana, tulipokuwa tunamshusha Habonimana kaburini, mlipanga mstari kunipa mkono. Mmoja baada ya mwingine mliniambia, "Pole, Mzee Sindayigaya." Mlisema kwa upendo. Lakini kila mmoja alikuwa ananitamkia ile sentensi ya baba yangu: simlaumu, simlaumu, simlaumu, na mimi nilikuwa nimesimama kando ya udongo wa mwanangu, na sikuwa na hakika kama ni kweli. Baba aliitamka baada ya kulia machozi yake yote, ilikuwa yake, aliilipia. Mimi niliirithi kabla sijajua kulia. Nimeibeba tangu kule, nikavuka nayo mto, nikazeeka nayo, na kuna siku ninaitikia jina langu kwa sababu tu watu wanangoja niitikie.

Je, ni haki kumvisha sentensi hiyo mtoto ambaye wazazi wake hawajazika? Nani atamweleza, siku atakapokuwa na hasira na Mungu, kama sote tunavyokuwa, kwamba alikwisha kusemewa tangu akiwa na wiki chache? Na ninyi wazee wenzangu mlioniambia tuihifadhi desturi, niwaulize kwa heshima: desturi gani? Ni babu yupi wa kwetu aliyemwita mjukuu wake kwa jina lake mwenyewe? Majina yetu yalikuwa yanakufa na wenyewe, na hakuna aliyeyafanyia matanga. Ni sisi, baada ya kupoteza vilima na makaburi, tulioanza kuyashikilia majina kama mtu aliyeokoa sufuria moja kwenye nyumba iliyoungua, ambaye hakubali hata lipikiwe. Nawaelewa. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Lakini tukimwita mtoto huyu Sindayigaya ili tuitunze desturi, tutakuwa tumeivunja.

Frednand, baba, nitazame. Sikunyimi kitu. Najua unachotafuta si jina, unamtafuta baba yako, na ungependa kusikia mtu akiitwa ndani ya nyumba kwa sauti inayofanana na ile ya zamani. Mimi nami huwa natega sikio jioni. Mtoto huyu hawezi kutufanyia kazi hiyo. Ana shingo nyembamba. Kuhusu Habonimana, njoo tuzungumze wewe na mimi, uje hata ukiwa na grisi yako. Nina mengi ambayo hukuwahi kuambiwa, jinsi alivyokuwa mkaidi, jinsi alivyokuwa anaimba vibaya hadi kwaya nzima inapoteza njia. Hayo ndiyo utakayomrithisha mwanao, atakapouliza.

Mheshimiwa Diwani, Baba Paroko, uamuzi wangu ni huu. Neno la nyumba hii nilipaswa kulisema mimi, na mimi sina neno jipya. Nilichonacho ni la baba yangu, nalo litakwenda nami, na lisisumbuliwe. Aliye na neno ni Avelina. Desturi haikumpa mama nafasi hii, najua, na atakayetaka kunilaumu anikute kesho, nitakuwa hapa hapa. Mkwe wangu Rwekaza, nakuomba radhi kwa kumtaka binti yako asimame bila kumwandaa. Avelina, mama, usiharakishe. Liwe la Kisubi cha kwenu, liwe la Kirundi chetu, liwe la Kiswahili, sisi tutalitamka. Sema unachomwambia Mungu kwa ajili ya mtoto huyu, na useme kwa sauti, hadi wale walio kwa jirani wasikie.

Nawashukuru mliofunga turubai, mliopika tangu alfajiri, na mliotembea kuja. Asanteni kwa kunisikiliza mimi. Mpeni Avelina kipaza sauti, mimi nakaa.