Dira Iliyomfukuzisha Yona Kazi

Benchi letu liko Kibirizi, ufukweni mwa ziwa, nyuma ya vichanja vya kuanikia dagaa, na asubuhi hiyo kahawa ilinyweka kwa shida. Siku nne zilikuwa zimepita tangu Bonaventura amfukuze Yona, nahodha wa boti lake, na wote wawili walikuwa wamekaa nasi. Walikuwa wakirudi na dagaa, mvua imefunga ziwa, Yona akafuata dira kuelekea mashariki, nyumbani. Kulipokucha wakajikuta mbali kaskazini, jirani na Burundi, mafuta yamekwisha.

— Ulilewa, ukalala. Sema tu, Bonaventura akaanza.

— Sikulewa, sikulala, bosi. Miaka kumi na moja nakushikia usukani, nilale siku hiyo?

— Burundi kuna milima ya madini, akadakia Jean, tunayemwita Kalemie kwa kuwa alizaliwa mji huo, ng'ambo ya ziwa. Ndiyo iliyovuta mshale wa dira.

— Siku zote haivuti? Bonaventura akauliza.

— Mvua, kaka! Madini yakilowa yanapata nguvu.

Fyuzi, fundi simu wetu, hakucheka.

— Yona, dira mliiweka wapi?

— Juu ya waya wa zile taa mpya za kuvulia.

— Zilikuwa zinawaka?

— Njia nzima.

Fyuzi akaomba dira, betri na taa moja na waya wake viletwe kutoka botini. Akanyoosha waya juu ya dira, akawasha taa. Mshale ukageuka. Akazima, ukarudi.

— Una sumaku mfukoni wewe! Kalemie akaruka.

Fyuzi akageuza mifuko nje. Bonaventura akamnyang'anya waya, akajaribu mwenyewe mara tatu. Mara zote mshale uligeuka.

— Lakini huo waya ni wa shaba, akanong'ona. Shaba na sumaku wapi na wapi?

— Siyo shaba. Ni umeme unaopita ndani yake.

Fyuzi akauzungushia msumari waya mwingine, akauunga kwenye betri na taa. Ndoano zilizokuwa benchini zikaurukia msumari. Akachomoa, zikaanguka.

Bonaventura akamgeukia Yona.

— Nilikuita mlevi mbele ya mkeo. Nisamehe. Saa kumi tunatoka. Dira kaifunge unapotaka wewe.

Yona alifuta macho kwa kiganja.

Honorata, mnunuzi wa dagaa, alikuwa amesimama pembeni na ndoo yake.

— Shikamooni. Samahani, nimeona hapo. Huo msumari ulikuwa sumaku, sasa siyo. Sumaku imekwenda wapi?

Tukamtazama Fyuzi. Fyuzi akaunga waya tena, akachomoa, akauchungulia msumari pande zote.

Yona akacheka, mara ya kwanza baada ya siku nne.